Uso wa Manjano Siku ya Posa

Wasee, kuna mama fulani aliingia kwetu Kebirigo Ijumaa moja asubuhi, akanitazama usoni, akaweka kikombe cha uji chini bila kuonja, akatoka kwa boma akitembea kinyumenyume.

Kinyumenyume, nawaambia!

Kufikia saa sita mchana, habari ilikuwa imefika Nyansiongo kwamba mimi ni wa kufa.

Ngoja niwaelezee. Lakini mcheke polepole, maana haya yalinifika mimi.

Naitwa Celestine. Nilikuwa na miaka thelathini na nne, na kwetu ukifika umri huo bado uko kwa mama, unaombewa kanisani hadharani kwa jina na kwa ukoo. Halafu nikampata Mogaka. Ana duka la dawa za mifugo Nyansiongo. Mpole, mcheshi, na kila tulipokutana alikuwa amevaa marvin, ile kofia ya sufi, imeshuka mpaka kwenye nyusi. Nyansiongo kuna baridi, kwa hivyo sikushuku kitu.

Yeye naye hakushuku uso wangu, kwa sababu niliufunika na poda. Chini ya poda kulikuwa na madoa meusi ya chunusi, shavu hili na lile.

Watu wake wakasema wanakuja na posa Jumapili. Hapo nikaingiwa na woga wa kweli. Huyu mtu akiniona asubuhi ya kwanza ya ndoa, bila poda, atasema ameletewa nani? Nilimpenda Mogaka. Sikutaka kumpoteza kwa sababu ya mashavu.

Ndio akaingia Malkia wa Ngozi.

Malkia ni dada wa mtandaoni, uso laini hauna hata kinyweleo. "Achana na kemikali, mrembo! Duka lako la urembo ni jikoni!"

Nikamfuata kama kondoo. Nikapaka kiazi. Nikapaka yai, nzi wakanipenda. Nikapaka ndizi mbivu na parachichi, mama akanifumania.

"Celestine! Hizo ndizi si ni za kupeleka sokoni Keroka?"

"Mama, ni za ngozi."

"Na tumbo litapaka nini?"

Madoa hayakutikisika. Alhamisi nikaenda Kisii mjini kwa Firdaus, yule dada anayeuza viungo.

"Nipe manjano."

"Ya kuku ama ya samaki?"

"Ya uso."

Firdaus akanitazama, akanitazama tena, akapima. "Sawa, mpenzi. Mimi kazi yangu ni kuuza."

Malkia alisema kijiko kidogo kimoja, asali na maziwa mala, halafu unaosha baada ya muda mfupi. Lakini Jumapili ilikuwa mlangoni. Nikafikiria, kama kijiko kinang'arisha, pakiti nzima itafanya muujiza. Nikapaka yote, nikalala nayo.

Kulipokucha nilikuwa wa manjano. Uso, shingo, viganja, hata mto wa kulalia. Nilisugua kwa sabuni ya kufulia, wapi. Nikasugua kwa majivu, wapi. Mama aliponiona ilibidi atafute kiti kwanza ndipo acheke.

Basi nikiwa hapo nje na majivu masikioni, ndipo yule mama akatokea. Alisema amepotea njia, anaomba maji. Nikamkaribisha uji, kama nilivyofunzwa.

Akaniangalia. "Mwanangu, umekuwa hivi tangu lini?"

Sasa mimi nimwambie mtu nisiyemjua kwamba nimejipaka mchuzi? Kiburi kikanijibia.

"Aah, hii ni kawaida, mama. Iko kwa ukoo wetu."

Kikombe chini. Kinyumenyume.

Kumbe huyo alikuwa Nyangate, shangazi yake Mogaka. Kwetu zamani mtu wa kazi hiyo aliitwa esigani: hutumwa kabla ya posa kuchunguza kama kuna uchawi, wizi, ama ugonjwa wa ukoo. Na mimi nilikuwa nimempa wa ukoo, kwa mdomo wangu.

Mogaka akapiga simu. "Celestine, shangazi anasema ini lenu limeoza. Wewe na mama yako na hata nyanya."

"Ni manjano ya jikoni, Mogaka! Nilijipaka!"

Akauliza kwa sauti ndogo: "Ile ya Malkia?"

"Unamjuaje Malkia?"

"Nani? Mimi? Nimesikia tu."

Jumapili walikuja, lakini hawakuja kuposa. Walikuja kukagua. Shangazi Nyangate alinivuta chini ya jicho mbele ya wazee, kama anayenunua ng'ombe. Macho yalikuwa meupe. Nikaeleza kila kitu: madoa, Malkia, pakiti, uongo wa ukoo. Nililia.

Ombati, baba yake mdogo Mogaka, akakohoa. "Si mgonjwa, nimekubali. Lakini mke anayejipaka chakula na kudanganya wageni, tutampeleka wapi?"

Mama akainamisha kichwa. Niliona posa yangu ikitoka mlangoni.

Nyanya yangu haoni vizuri, lakini pua yake ni nzima. Akainua uso. "Nani anakaanga kitunguu?"

"Hakuna, nyanya. Tumepika matoke na kuku wa kuchemsha."

"Basi kiko humu ndani. Kimekaa pale." Akaelekeza fimbo kwa Mogaka.

Baba yangu, kuokoa hali, akasema, "Tuombe kwa chakula." Wanaume wakavua kofia. Mogaka hakuvua.

"Kijana," baba akasema, "kwetu hatuombi na kofia."

Akavua polepole.

Jameni. Kipara cha kutoka paji mpaka kisogoni, kinanata kwa maji ya kitunguu, na ganda jekundu limekwama juu ya sikio. Harufu ikamfukuza paka.

"Malkia alisema nywele zitarudi," Mogaka akanong'ona. "Nilidhani Celestine akijua atanikataa."

Shangazi Nyangate, mpelelezi mkuu, akafunika uso na leso. Kwao hakuwa amepeleleza.

Nyanya akagonga fimbo. "Huyu ameleta manjano, yule ameleta kitunguu, kuku yuko kwa sufuria. Hawa tayari ni jiko moja. Mnangoja nini?"

Mzee Ombati alicheka mpaka akakubali kuposa.

Mkiniuliza leo kama urembo wa jikoni unafanya kazi, nitawaambia madoa yangu yako palepale, kipara cha mume wangu kiko palepale, na aliyebadilika ni Malkia tu: sasa anauza krimu, za kemikali.

Na kama kuna kitu unamficha mtu wako, mwonyeshe mapema. Asubuhi ya kwanza ya ndoa tuliamka, poda hakuna, marvin hakuna. Mogaka akanitazama sana.

"Kumbe ni madoa tu," akasema. "Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa ini."