Dakika Moja kwa Kila Hatua

Kosa lilianza kwangu. Siku ya Idi, Kisarawe nyumbani kwa kaka yangu, niliitazama kompyuta yake kuukuu ya mezani nikasema mbele ya mkewe, "Dude hili bado hujalitupa?"

Kaka hakucheka. Alisema dude hilo lina programu ya sataranji ileile iliyomo kwenye laptopu yangu mpya, na mashine mpya haiiongezei programu akili.

"Basi tuzipambanishe," nikasema.

Jumamosi iliyofuata nilikaa sebuleni kwangu Tumbi, yeye kwake, tukiwa kwenye simu. Tulikubaliana kila mashine ifikiri dakika moja, nasi tusogeze kete kama ilivyoamua, basi. Michezo miwili ya kwanza laptopu yangu ilishinda. Kaka akawa anataja hatua zake kwa sauti ya chini, kama mtu anayesomewa mashtaka.

Mchezo wa tatu nao nilikuwa naelekea kushinda. Kaka akanyamaza. Nikaita, "Haloo?" Akasema subiri, mashine imekwama kidogo. Kisha akataja hatua ya ngome ambayo laptopu yangu haikuitarajia kabisa. Tukaishia sare.

"Kaka, hiyo haikutoka kwenye dakika moja."

"Unaniita mwongo?"

Akakata simu.

Nilichukua pikipiki hadi Kisarawe, laptopu mgongoni.

"Shikamoo."

"Marahaba," akajibu bila kunitazama. Wifi alituwekea chai, akatoka.

Kwenye kompyuta yake nilizipanga kete kama zilivyokuwa kabla ya ile hatua, nikashika saa. Dakika moja ilipotimia, mashine ilichagua kula askari wangu. Nikarudia, ikala askari tena. Nilifurahi, kisha nikaona haya kwa kufurahi kule.

"Iache iendelee," kaka akasema.

Feni yake ikanguruma. Dakika ya nne ikapita. Ya tano ilipokaribia kwisha, ikabadili uamuzi: hatua ileile ya ngome.

"Niliipa dakika tano," akasema. "Ingefika tu, ilinyimwa muda. Hata mimi kazini wameleta mfumo mpya wa kompyuta, wamenifundisha siku mbili, sasa wanasema mzee huyu hawezi."

Sikuwa nikijua. Kwa miezi mingi nilimpigia simu kumweleza habari zangu tu.

"Nisamehe, kaka. Siku ile nilikudharau mbele ya wifi."

"Na mimi nimedanganya. Andika mchezo ule nimefungwa."

Wa nne tuliucheza palepale, mashine mbili mezani, wifi amerudi kushika saa. Hakuna aliyegusa chai. Laptopu ilishinda kabla ya adhana ya alasiri.

"Imenipiga kihalali," kaka akasema, akaizima kompyuta yake. Kisha akaingia chumbani, akarudi na makaratasi ya mfumo wa ofisini, akayaweka mbele yangu.

"Haya, mwalimu. Ukurasa huu wa kwanza unasemaje?"