Gongo Likizidi Utamu, Mpelekee Verna

Asubuhi ya Alhamisi, barafu ya uwanja wa Wexcombe, hapa Kanada, imetoka kumwagiwa maji ya moto na inang'aa kama kioo cha kinyozi. Verna Stadnyk anaingia na magongo ya hoki kwapani kama mtu aliyetoka kuokota kuni. Hapigi shuti kwanza. Anasimama kwenye sakafu ya saruji, nje ya lango, analishika gongo moja kwa vidole viwili, analigonga chini mara moja, kisha anainamisha sikio.

"Hili zima," anasema, na kuliegemeza ukutani.

La pili linatoa mlio mfupi, mzito. Analigonga tena. Analilaza kwenye benchi na kuliwekea utepe mwekundu wa yaliyokataliwa.

Verna, mwenye umri wa miaka hamsini na minne, ni mjaribu magongo. Kiwanda kimoja kidogo cha Saskatoon hutengeneza magongo ya kuchezea barafuni kwa nyuzi za kaboni zilizoshikwa na gundi, na kila toleo jipya lazima lipite mikononi mwake kabla ya kwenda dukani. Mashine ya kiwandani hupima nguvu: gongo linapinda kiasi gani, linakatika wapi. Verna hupima lile ambalo mashine haina kiganja cha kulijua, yaani gongo likoje ukilishika, linakuambia nini kile kisahani cheusi cha mpira kinapoligusa, na mkono unabaki vipi baada ya saa nzima ya kupiga.

Kwa kazi hiyo analipwa dola ishirini na saba kwa saa. Msimu wa joto, barafu ikiyeyushwa, anauza miche ya maua na nyanya. Si tajiri, wala halalamiki. Gongo moja zuri dukani ni dola mia tatu na themanini, na hapo ndipo wazazi wengi wa Wexcombe wanapoanza kutafuta njia za mkato.

Mzazi unayesoma haya, soma pole pole. Njia hizo za mkato ndizo zilizoniandikisha habari hii.

Barafuni, Verna anaanza na pasi fupi. Anapokea, anatoa, anapokea, macho yamefumbwa. Kisha anaegemea. Mkono wa chini unasukuma mpini mpaka unapinda, bapa la mwisho wa gongo linakandamiza barafu, halafu anaachia, na kisahani kinapaa hadi kwenye kona ya goli. Watu wasioujua mchezo hudhani gongo ni rungu. Sivyo. Gongo ni upinde. Usipoweza kuupinda, mshale hauendi, na begani ndiko utakakolipia.

Alijifunza kwa mwili wake. Akiwa na miaka ishirini na tatu, mshambuliaji anayesifiwa toka hapa hadi Prince Albert, gongo lilimkatikia katikati ya shuti. Alikuwa ameliegemea kwa uzito wake wote, basi uzito ukakosa pa kukaa. Akaenda mkono na uso hadi kwenye ukuta wa mbao unaozunguka barafu. Kiganja cha kushoto kina skrubu mbili mpaka leo, na vidole viwili havisikii baridi wala moto.

"Nilikuwa nalipenda gongo lile kuliko mchumba wangu," anasema. "Na wiki ile ndiyo nilikuwa nalipenda kupita wiki zote."

Tia hayo akilini, kwa sababu asubuhi hiyohiyo anafika Kalyna.

Kalyna Hnatiuk ana miaka kumi na saba, mwepesi kama unyoya, na Jumapili ana majaribio ya timu ya wasichana ya jimbo la Saskatchewan. Amesindikizwa na babu yake, Mzee Orest, mkulima wa ngano aliyestaafu ambaye hajastaafu kusema. Mama yake Kalyna, Denise, amebaki nyuma ya kioo na kikombe cha kahawa. Hawakuja kuuliza kitu. Mzee amekuja kujigamba.

Gongo la mjukuu alilinunua yeye. Kila mwisho wa msimu, timu kubwa za wanaume mjini huuza vifaa vyao, na wazee hupanga foleni kwenye theluji tangu mapambazuko, kila mmoja akitaka gongo lililoshikwa na mchezaji wa kweli. Alilolipata lilikuwa la beki mwenye kilo mia. Lilikuwa refu, basi Mzee Orest akalipeleka gereji, akalipiga msumeno. Likawa bado refu. Akalipiga tena.

Ndilo kosa letu hilo, wazazi wa huku. Tunadhani tukikata tunapunguza urefu tu. Kumbe gongo likifupishwa linazidi kuwa gumu. La mtu wa kilo mia, ukilikata mara mbili ukampa binti wa kilo hamsini na tano, umempa chuma.

Miezi mitatu Kalyna alilalamika kuwa bega linamuuma, na miezi mitatu babu alimwambia atalizoea. Halafu, wiki mbili zilizopita, gongo likatulia. Likawa laini, likawa linaruka lenyewe. Mechi tatu, mabao tisa.

"Si nilimwambia?" Mzee Orest anasema, amejaa kifua. "Gongo ni kama farasi. Lazima likujue kwanza."

Verna analiomba. Analitazama kutoka juu hadi chini, anapitisha kucha kwenye mpini. Hakuna ufa. Hakuna alama. Analigonga kwenye saruji. Mlio si mbaya, ila si wa kumtoa mtu wasiwasi. Anaingia nalo barafuni, anapiga mara moja kwa upole, mara moja kwa nguvu ya wastani. Kisha anarudi, hajapiga shuti la tatu.

"Ni tamu," anasema. "Sijashika gongo tamu hivi mwaka huu."

"Umeona sasa," mzee anadakia.

"Ndiyo maana naogopa, Mzee Orest."

Anawaeleza wakiwa wamesimama pale langoni. Gundi iliyo kati ya nyuzi haiachii kwa siku moja. Inaachia kidogo kidogo, ndani, mahali jicho halifiki. Ikianza kuachia, gongo gumu linalegea, na mtoto mwepesi ndiyo kwanza anaweza kulipinda. Anaona amekuwa hodari. Kila mtu anampigia makofi. Kumbe gongo linakata roho mikononi mwake.

Wahenga walishasema, ngoma ikilia sana haikawii kupasuka. Ila nani huiambia ngoma inyamaze ikiwa imenoga?

Mzee Orest alikasirika, na hakuficha. Alisema amecheza magongo tangu yakiwa ya mti, na hajawahi kusikia kitu kizuri kikawa kibaya kwa kuwa kizuri. Akasema pia jambo ambalo nusu ya Wexcombe huwa inalinong'ona.

"Kiwanda kinakulipa uyaue magongo yetu ili tununue ya kwao, au nimekosea?"

"Ningelipwa kwa kila gongo ninaloua, mzee wangu, saa hii ningekuwa Arizona naota jua," Verna akamjibu. "Nisingekuwa hapa nagombana na wewe."

Denise alicheka nyuma ya kikombe. Kalyna hakucheka. Alimwambia Verna, kwa sauti ya chini, kuwa zimebaki siku tatu, na mtu habadilishi gongo siku tatu kabla ya majaribio, hata kichaa anajua hilo. Na hapo alikuwa na haki. Gongo geni hutupa visahani kusikokusudiwa. Verna angeweza kumwokoa msichana na ajali isiyokuwepo, na kumpotezea nafasi iliyokuwepo.

Maana Verna hukosea pia. Pascal, fundi wa mashine kule kiwandani, anasema mashine ilishapitisha magongo ambayo Verna aliyakataa na yakaja kukatika kweli, lakini kuna moja alilolikataa mwaka jana ambalo Pascal analichezea mpaka leo. "Namkumbusha kila Ijumaa," anasema Pascal.

Basi Denise akaweka kikombe chini, akaja langoni, akauliza swali ambalo kila mama angeuliza. Verna, una hakika?

"Sina," Verna alijibu. "Ningekuwa nayo, ningelivunja gotini mwangu sasa hivi. Ila Kalyna angekuwa wangu, asingetoka nalo mlangoni."

Hakulazimisha. Alimwita Kalyna barafuni, akampa gongo jingine, laini zaidi, la saizi yake, akamwambia afumbe macho. Akamtumia pasi. Kila ikigusa, Kalyna alitakiwa aseme kisahani kimegusa wapi kwenye bapa: kisigino, katikati, au ncha. Alipatia. Akapatia tena. Alikuwa anatabasamu, kama mtu anayesomewa herufi anazozijua.

Kisha Verna akampa gongo lake mwenyewe, lile la mabao tisa.

"Katikati," Kalyna akasema. Kilikuwa kisigino.

"Ncha." Kilikuwa kisigino tena.

Pasi ya tatu ikagusa. Alifumbua macho, akaliangalia bapa, kisha akamwangalia babu yake ng'ambo ya kioo. Gongo zima hupeleka habari hadi mkononi. Lililoachana ndani huzipoteza njiani. Jambo hili halihitaji shule. Linahitaji kufumba macho na kuwa mkweli.

"Nitachukua lako, Shangazi," alisema.

Ijumaa ilikuwa chungu. Gongo jipya lilipinda haraka mno kwa mikono iliyozoea chuma, na visahani vikawa vinapiga kioo juu ya goli, kimoja baada ya kingine. Mzee Orest alikaa kwenye viti vya juu na kuguna kila mara, ili Verna asikie. Verna alisikia. Alimwambia Kalyna ashushe mkono wa juu, aegemee nusu ya anavyoegemea, aache gongo lifanye kazi yake. Kufikia mwisho wa mazoezi, mashuti yalikuwa yameshuka hadi usawa wa goli. Hayajaingia, ila yameshuka.

Jumamosi mchana simu ya Verna ililia akiwa jikoni anafinyanga perogi, vile vifurushi vya unga vyenye viazi ndani. Alikuwa Mzee Orest, na kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, hakuanza na utani.

"Limekatika," alisema.

Alikuwa amelitoa kwenye buti la gari ili amwonyeshe Verna alivyo mwoga. Nyuma ya nyumba ana barafu yake ya uani, aliyowagandishia wajukuu tangu Novemba. Akavaa viatu vyake vya kale vya barafuni, akapanga visahani, akapiga. Shuti la kwanza zuri. La pili zuri zaidi. La tatu mpini ukatoka vipande viwili, na kipande cha juu kikachana glovu yake toka dole gumba hadi kifundo. Nyama hakikuigusa. Yeye alikaa chini kama gunia la viazi, mkewe Olga akimcheka dirishani kwa kuwa hakuelewa bado. Ndani ya mpini, alisema, nyuzi zilikuwa zimeachana kama kurasa za kitabu kilicholoa.

Verna alimwuliza kama ameumia.

"Kiburi tu," mzee alisema. Kisha akaongeza: "Verna, yule mtoto anapiga kwa nguvu kuliko mimi. Na kesho pale kuna ukuta."

Verna hakumwachia aendelee. Alimwuliza kama wanapenda perogi zenye jibini au zisizo nayo.

Jumapili Kalyna alicheza Saskatoon. Nisikudanganye kwamba aling'ara tangu mwanzo. Mashuti mawili ya kwanza yalikwenda juu, na Denise anasema alikuwa ameshaanza kuomba kwa lugha mbili. Lakini pasi zake zilinyooka kama uzi, kila moja, maana sasa mikono yake ilijua kisahani kilipo bila macho kutazama chini. Bao alifunga moja, kipindi cha mwisho. Majina ya watakaorudi kwa kambi ya Aprili yaliposomwa, lake lilikuwemo.

Verna hakuwepo. Alikuwa Wexcombe, na magongo mapya ya kiwanda, kazini. Alipopigiwa simu alisema vizuri sana, kisha akauliza bega la mtoto linaendeleaje. Haliumi, akaambiwa. Ndiyo mara ya kwanza haliumi tangu Desemba.

Kwa hiyo, mama mwenzangu, na baba pia: mtoto wako akisifu gongo lake ghafla, gongo lililomsumbua msimu mzima, usimpongeze tu. Mfumbe macho, mtumie pasi, sikiliza majibu yake. Mpeleke kwa anayejua. Haigharimu kitu kwa Verna; anapokea kahawa, na akibanwa sana, donati.

Sasa ana mpango. Septemba, kabla ligi za watoto hazijafunguliwa, anataka siku nzima uwanjani ambapo kila mzazi wa Wexcombe ataleta gongo la mwanawe ligongwe, lipindwe na kuchezewa kwa macho yaliyofumbwa. Kiwanda kimekubali kutoa magongo laini yaliyobaki kwa bei ya chini, na akina mama wa kanisa watauza perogi kulipia ya wasioweza. Denise na mama mwingine tayari wanajifunza kusikiliza mlio kwenye saruji, na Denise amekwisha kukataa gongo zima moja kwa woga. Verna anasema hiyo si mbaya kwa mwanafunzi wa wiki ya kwanza.

Aliyejitolea wa kwanza kabisa, hata hivyo, ni Mzee Orest. Hataki kugonga wala kupinda. Ameomba kiti mlangoni.

"Nimempa," anasema Verna, akifunga utepe mwekundu kwenye gongo jingine. "Mzazi yeyote akija na msumeno, itabidi aanze na yeye."