Doa Chini ya Boti la Mama Rehema

Naikumbuka vizuri ile Jumatatu boti la Mama Rehema lilipoletwa kwenye karakana yetu Mbagala, mwanangu, maana siku ile nilicheka kicheko ambacho sijakicheka tena. Lilikuja juu ya lori, limefungwa kamba, bati la alumini lililochakaa hadi likawa na rangi ya majivu. Wenzangu waliokuja kusaidia kulishusha waliachia kamba mara tu walipoambiwa ni boti la nani. Ikabidi tulishushe mimi na dereva na utingo wake, huku nikiwatania wenzangu kwamba wanaogopa sufuria kubwa.

Sasa sikiliza walichokuwa wanakiogopa. Mume wa Mama Rehema alikuwa akivusha watu na mizigo kwa boti lile. Asubuhi moja aliondoka peke yake, na kesho yake boti likaonekana limenasa kwenye mikoko, limejaa maji hadi kwenye viti. Halikuzama kwa sababu lilikuwa na maboksi ya hewa yaliyozibwa, mbele na nyuma. Viatu vyake vilikuwa chini ya kiti, vimepangwa sambamba kama vya mtu aliyeingia msikitini. Yeye hakuwamo, na mwili wake haujaonekana hata leo. Mtaani wengine walisema alikuwa amelewa. Wengine walisema amechukuliwa, na kilichomchukua bado kimo ndani ya boti.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka Masasi juzijuzi tu, na nilijiona fundi kuliko aliyenifundisha. Aliyenifundisha ni Mzee Komba, mtu wa Songea, Mkristo wa kuwahi ibada ya kwanza. Ukimpa shikamoo, alikujibu marahaba bila kuinua macho kwenye kazi. Nyie siku hizi mna mashine nzuri za umeme. Sisi tulichomea alumini kwa moto wa gesi na dawa ya unga, na alumini haina huruma. Chuma kikikaribia kuyeyuka kinakuwa chekundu, kinakuonya. Alumini haisemi kitu. Unaitazama iko vilevile, nyeupe, mara imedondoka na umebaki na tundu la kupitisha ngumi.

Mzee Komba alilipapasa boti lote kwa kiganja, akaukuta ufa chini, karibu na kiti cha katikati.

"Issa," akaniambia, "bati limekonda hili. Toboa tundu huku na huku, mwisho wa ufa, usizidi kukimbia. Halafu kata sehemu yote iliyochoka, weka kiraka kipya. Usichomee juujuu."

Nikaitikia. Jioni ile akapata habari ya msiba kwao, akasafiri, akaniachia kazi kwa wiki nzima.

Tulikuwa tumeliweka boti juu ya mapipa manne. Jua la Mbagala unalijua. Kuku wa jirani waligombania kivuli hata cha baiskeli, lakini chini ya boti lile hawakukanyaga. Niliwatupia punje za mahindi kule chini. Wakaja mpaka pale kivuli kilipoanzia, wakaziangalia, wakageuka. Nilicheka, ila safari hii nilicheka peke yangu.

Siku ya tatu, saa saba mchana, wenzangu wamekwenda kula na mimi nimelala chali chini ya boti nikisugua bati kwa brashi ya waya, nikasikia mtu anagonga kwa ndani. Mara tatu, polepole. Ngo. Ngo. Ngo. Nilitoka nikachungulia ndani. Hamkuwa na kitu ila viti na vumbi. Najua utaniambia bati likipata joto hutanuka, na likitanuka hulia. Mwanangu, hilo nimewafundisha wengine mimi mwenyewe. Lakini siku ile kulikuwa na mawingu tangu alfajiri, na bati lilikuwa baridi mkononi mwangu.

Hapo ndipo haraka iliponiingia. Kukata na kuweka kiraka kungenilaza chini ya boti lile siku nne zaidi, na mimi sikutaka hata siku moja. Kusema naogopa sikuweza, kwa kuwa nilikwisha kuwacheka wenzangu mbele ya dereva wa lori. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi yangu niliyaficha kwa kujitia ushujaa. Nikawasha moto, nikauchomea ufa juujuu, sikutoboa hata yale matundu mawili.

Kulikuwa na jaribio letu la mwisho, nalo halidanganyi. Unapaka chokaa nje ya bati, ikikauka unamwaga mafuta ya taa kwa ndani na kusubiri. Kama kuna mwanya, hata usioonekana kwa macho, mafuta hupenya na chokaa huota doa. Nilipaka, nikamwaga, nikasubiri. Doa likaota, la kijivu, refu kama kidole. Nikalifuta. Nikachomea tena kidogo, nikapaka chokaa upya, nikaenda kulala nikikusudia kumwaga mafuta asubuhi. Asubuhi, kabla sijagusa hata kibuyu cha mafuta, doa lilikuwa pale pale, na sasa lilikuwa refu kama mkono.

Labda yalikuwa mafuta ya jana yaliyobaki ndani ya ufa. Huwa najiambia hivyo. Nilichofanya nakueleza bila kujipamba: nilikwangua chokaa yote, nikaziba mahali pale kwa puti ya mafundi wa magari, nikapaka rangi ya buluu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, sawa, lakini walioitunga methali ile hawakusema uzibwe kwa rangi. Siku mbili nilizobaki na boti lile sikuligeuzia mgongo hata mara moja.

Mzee Komba aliporudi, macho yamevimba kwa msiba, aliniuliza jambo moja tu.

"Ulipima kwa chokaa?"

"Ndiyo, mzee."

"Kavu?"

"Kavu."

Karakana yake ilikuwa na desturi ambayo sikuiona kwingine. Aliyelichomea boti ndiye anayekaa ndani yake mara ya kwanza likiingia majini. Hutumi mtu, husimami ufukweni. Nilijua hilo, nikapiga hesabu zangu za kijinga: puti itashika nusu saa, na mimi najua kuogelea. Tukalipeleka kwenye mkondo wa Mtoni saa nne asubuhi, maji yamejaa, hakuna upepo, mikoko imesimama kimya pande zote. Mdogo wake Mama Rehema, Jumanne, alishika makasia. Mimi nikakaa kiti cha katikati. Tulipokuwa tunasukumwa, Mama Rehema akapandisha khanga yake akaingia.

"Shuka, dada," nikamwambia. "Ngoja tulijaribu kwanza."

"Kujaribu nini, na fundi mwenyewe umo?" akasema. "Mie siogopi. Nataka nikae alipokuwaga anakaa baba Rehema."

Akakaa nyuma. Alikuwa hajui kuogelea, alituambia mwenyewe huku akitabasamu. Jumanne akapiga kasia. Tulipofika kwenye kina, nikahisi ubaridi kisiginoni. Nikatazama chini bila kuinamisha kichwa: maji yalikuwa yanachipuka penye rangi yangu ya buluu. Unajua nilifanya nini? Niliweka kisigino juu yake, nikakandamiza, nikaanza kuongea habari za bei ya mchele. Mpaka leo nikilikumbuka hilo uso wangu unawaka.

Ndipo kikagonga, chini ya kisigino changu, upande wa maji. Ngo. Ngo. Ngo.

Nikamwangalia Jumanne, alikuwa ameacha kupiga kasia. Mama Rehema alikuwa ameshika ukingo wa boti kwa mikono miwili, na tabasamu halipo tena.

"Baba Rehema alikuwaga anagonga hivyo," akasema taratibu. "Akichelewa kurudi. Hivyohivyo, mara tatu."

Nikainua mguu. Puti ikabanduka yote kwa mara moja na maji yakaruka hadi magotini mwangu. "Geuza!" nikapiga kelele. "Jumanne, geuza, linavuja, nilijua, nilijua linavuja!" Jumanne alivuta makasia kama mwehu, mimi nikazibia kwa shati, Mama Rehema akachota maji kwa viganja huku akisoma dua alizozijua. Tuligusa tope maji yakiwa yamefika kwenye viti.

Mzee Komba, aliyekuwa amesimama ufukweni, alikuwa amesikia kila neno. Hakunipiga, nami ningependa angenipiga. Alingoja Mama Rehema ashuke, akaniangalia.

"Ufa ni wa bati, Issa. Bati likichakaa litapasuka, hakuna wa kulilaumu. Lakini 'kavu' ulisema wewe."

Tukalirudisha karakana siku ileile, akanipa msumeno, akasema nikate. Kumbe ufa ulikuwa umekimbia shibiri nzima kupita nilipochomea, ukaingia chini ya kiti. Mzee Komba akakwangua rangi kuukuu ya mle chini. Chini ya rangi kulikuwa na puti. Haikuwa yangu, ilikuwa ya zamani, imegeuka manjano, na katikati yake kulikuwa na alama ya dole gumba, mistari yote inaonekana. Fundi fulani, sijui wa wapi, aliufikia ufa uleule kabla yangu, akafanya vilevile, na mwenye boti akaenda nao majini. Niliweka dole gumba langu juu ya alama ile. Likaenea. La mwanamume yeyote lingeenea, hilo nalijua, lakini niliondoa mkono haraka nikaenda kunawa mara mbili.

"Sasa nenda kamwambie mwenyewe," akasema Mzee Komba.

"Kwamba nilidanganya? Si amekwisha sikia?"

"Kwamba mume wake hakuwa mlevi."

Nilimkuta uani kwake anachambua mchele. Nikamweleza yote, langu na la yule fundi mwingine, nimechuchumaa kama mtoto. Aliendelea kuchambua kwa muda, vidole vikitafuta mawe. Kisha vikasimama.

"Mwaka mzima ndugu zake wananiambia alikufa kwa pombe," akasema. "Na mie nikaamini. Nikamkasirikia. Tangu mfungo wa Ramadhani nimeacha kumwombea dua."

Akajifunika uso kwa khanga. Nililia palepale uani kwake, na sioni aibu kukuambia.

Boti nililikata na kulitia kiraka kama nilivyoelekezwa mwanzo. Halikugonga tena, au labda sikuwa tena na cha kusikia. Jumanne alivushia watu kwa boti lile miaka mingi.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii. Kosa la kazi ukilificha haliishi. Litatafuta mtu wa kulibeba, na mara nyingi litampata asiyeweza kujitetea. Yule fundi mwenzangu alificha ufa, na marehemu akaitwa mlevi kaburini, kama kaburi angekuwa nalo. Woga si dhambi. Kuharibu kazi pia si dhambi, hata mimi mpaka leo naharibu. Ukiogopa, sema unaogopa. Ukiharibu, sema siku ileile, bado kosa likiwa dogo na lingali lako peke yako, hata kama wenzako watakucheka hadi jioni. Kicheko cha watu kinaisha.

Mungu aibariki mikono yako na kila utakachokiunga. Akupe ulimi mwepesi wa kusema nimekosea, na akuepushe na mjane aliyeacha kuomba dua kwa sababu ya kazi yako.