Mashine ya Moshi Baridi

Mwaka ule bibi yangu, mama wa mutoto wangu, alikuwa anapumua kwa shingo. Naanza hapo hapo, maana batu bakisikia muzee anataja mashine ya Ulaya banafikiri anasifu mali. Badokta balimukata koo kule Bukavu, juu ya uvimbe mubaya uliokuwa umeziba njia ya pumzi. Bakamuwekea kamupira kadogo, wazi mbele, chini kidogo ya koromeo. Hewa ilikuwa inaingia pale, na inatokea pale. Pua ilibaki ya kupamba uso. Akitaka kusema, anaweka kidole pale kwenye tundu, anaziba, ndipo sauti inapanda mudomoni, nyembamba, na kavu. Akitoa kidole, neno linakatika katikati.

Na huyo alikuwa muuzaji wa ndagala. Mi ni mutu wa Mboko, nilifika Baraka kijana, juu ya lori la mihogo, na kabla sijashuka nikasikia mwanamuke anamugombeza mununuzi aliyekuwa anafinya-finya samaki zake kwa dole gumba. «Weye baba, unazinunua ao unaziamusha?» Soko nzima ikacheka. Nilishuka nikanunua fungu la ndagala ambalo sikuwa na kazi nalo, nikarudi nalo Mboko, kwenye pwani ileile wanakovua ndagala. Mama yangu akaniuliza kama nimeanza kupeleka maji ziwani. Juma lililofuata nikarudi Baraka kununua ingine.

Sasa dokta wa Bukavu alitueleza hivi, na nilielewa, hata kama shule yangu ilikomea mwaka wa tatu. Alisema pua ndiyo inayolowesha hewa kabla haijafika kifuani. Mutu akipumulia shingo, hewa inaingia kavu vile ilivyo, makohozi yanakauka ndani ya mupira, yanagandamana kama bugali uliosahauliwa kwenye sufuria, halafu njia inaziba. «Muzee,» akasema, «hewa ya mama inatakiwa kulowa siku zote.» Tulirudi nyumbani wakati wa mvua, na wakati wa mvua haikuwa shida. Tulichoogopa ni kipwa. Miezi ile ya jua mvua inasahau njia, na barabara ya kwenda Uvira inapita mbele ya mulango wetu. Lori moja likipita, vumbi linaingia ndani kama muwenye nyumba.

Mutoto wetu wa kike anaishi inchi ya baridi, anatunza bazee ba watu wengine. Kule, alisema, banawasha moto ndani ya kuta mupaka hewa inakauka, ndiyo maana kila nyumba iko na mashine ya kulowesha. Akatutumia moja. Ilipita mikononi mwa musafiri mupaka Uvira, ikapanda lori, ikatufikia imefungwa ndani ya blanketi ya mutoto. Nyeupe, ukubwa wa sufuria ya batu bane. Juu tanki ya maji, chini kasahani kaviringo kama kifungo cha koti. Maji yanagusa kile kifungo, kifungo kinatetemeka haraka kuliko jicho, maji yanageuka moshi. Moshi baridi. Siku ya kwanza niliweka mukono pale nikingoja kuungua. Nilingoja sana.

Jirani yetu, mwenye kukausha samaki nyuma ya nyumba, alikuja kutazama, akatikisa kichwa.

«Shemeji,» akamwambia bibi yangu, «mi nakausha samaki na moshi. Bwana wako analowesha mutu na moshi. Kati yetu, mulozi ni nani?»

Bibi yangu akacheka. Kicheko kikatokea shingoni, kikapiga filimbi. Kusikia ile filimbi akacheka zaidi, mupaka nikamushika mabega. Ile ni siku nzuri. Niliisahau, imenirudia sasa ninapoandika.

Umeme tulitoa kwenye pano ya jua na batri moja. Batri haikuweza kubeba mashine na redio, basi redio ikanyamaza. Batu ba kusikiliza mupira wa miguu na habari ya vita bakaacha kuja kwangu. Sikubakumbuka.

Kosa la kwanza nililifanya na maji. Nilijaza maji ya ziwa. Maji yale nimeyanywa tangu tumboni, ningeyaogopa kwa nini? Siku ya tatu chandarua kikawa cheupe, meza nyeupe, redio iliyonyamaza nyeupe pia, unga mwembamba kila fasi. Bibi yangu alipitisha kidole juu ya redio, akakitazama, halafu akaziba tundu kwa kidole cha mukono mwingine.

«Baba, unanipika bugali?»

Nikapiga telefone kwa mutoto. Akasema ziwa letu iko na chumvi ya mawe ndani yake, haionekani, na kuchemusha hakuiondoi. Mashine inaitupa hewani pamoja na maji. «Baba, tafuta maji ya mvula.» Maji ya mvula, katikati ya kipwa! Nilitaka kumuuliza kama baridi imemuingia kichwani. Lakini kule Lweba kulikuwa na kanisa lenye tanki la simenti linalokamata maji ya paa, na shemasi wa pale alikuwa mutu wa huruma. Kila juma nilikwenda kwa pikipiki na bido mbili za kubebea maji. Nilichemusha, nikapoza, nikachuja kwa kitambaa, nikajaza. Unga mweupe ukaisha.

Kosa la pili lilikuwa la kusafisha. Mi niliipangusa inje, ikang'aa, nikajisifu. Yeye akaingiza kidole ndani ya tanki, akakitoa na ute, kama ule wa mawe ya ziwani. Alinipangusia ule ute kwenye mukono wa shati yangu.

Tangu siku ile tulisafisha wote wawili, asubuhi, kivulini, maana jua linapinda plastiki. Yeye alikaa kwenye kiti kidogo, mi chini. Maji ya jana tunamwaga yote, hata yakibaki mengi, hakuna kuongeza mapya juu ya ya zamani. Ndani ya tanki kitambaa laini. Kwenye kile kifungo tunakamulia ndimu, juu vinegre, ile siki ya dukani, ilikuwa ya shida, tunangoja kidogo, halafu tunasugua na unyoya wa kuku. Siyo kisu, siyo mchanga, kifungo kinakwaruzika. Tunasuuza mara mbili, tunaacha ikauke. Nilikuwa nimekaa na mwanamuke huyu miaka yote ile na hatukuwa tumefanya kazi moja mikono mine. Mi nilikuwa na shamba, yeye soko. Tulikutana kwenye sahani. Sasa kila asubuhi ananyoosha mukono, naweka unyoya. Nanyoosha mukono, anaweka ndimu. Kusema ukweli wa mutu muzima, nilikuwa na furaha ambayo haikupatana na ugonjwa wake, na niliona aibu kuwa nayo.

Kohozi lilibaki laini. Mupira haukuziba hata mara moja. Muganga wa hospitali ya Nundu aliyekuja kumutazama aliniuliza, «Muzee, unafanya nini?» Nikamwambia, «Ninafua hewa.» Akacheka, lakini aliandika kitu kwenye kitabu chake.

Na mutoto alikuwa ametukataza wazi. Ninamusikia mupaka leo: «Baba, maji tu. Hakuna dawa, hakuna majani, hakuna marashi, hakuna kitu kingine. Maji tu.» Mama yake alikuwa pale, alisikia, akanigonga goti ili nijue kwamba maneno yale ni yangu.

Kipwa kilikuwa kinakaribia kwisha bamama ba maombi bakafika. Ni kikundi cha kanisa letu, bamama batano, balikuwa bamefunga kula siku tatu kwa ajili ya bibi yangu. Siku tatu, kwenye jua lile, na mashamba bakaenda kulima hivyo hivyo. Midomo yao ilikuwa imepasuka. Kwetu mutu akikufungia kula, haumupokei kama mugeni wa kawaida. Niliwapa viti vyote, nikabaki nimesimama.

Balizunguka kitanda. Mumoja akashika mukono wa kuume wa bibi yangu, mwingine wa kushoto, vile banavyofanya wakati wa kuombea mugonjwa. Mama mukubwa wa kikundi alikuwa na kachupa ka mafuta, yale ya zeituni bananunua Uvira na kuyaombea. Akayapaka kwenye paji la uso. Halafu akatazama mashine. Ilikuwa inatoa moshi wake kimya.

«Baba,» akaniuliza, «hii moshi inaingia mupaka wapi?»

«Mupaka ndani ya kifua, mama.»

«Dawa ya Bukavu ilifika mupaka ndani?»

«Inafika kooni tu.»

Akageukia benzake. «Munasikia? Mungu ametutengenezea njia. Mafuta yakipanda na moshi, maombi yanafika kwenye mizizi ya ugonjwa.» Wakasema amina. Akanitazama mi. «Baba, fungua.»

Nilimutazama bibi yangu. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshikwa. Hakuwa na kidole cha kuziba tundu. Akatikisa kichwa. Hapana. Mara moja, kisha mara ya pili, kidogo tu, vile mutu anatikisa asiwaharibie bageni sala. Wale bamama balikuwa bamefunga macho. Aliyeona ni mi peke yangu.

Ningeweza kusema, «Bamama, mutoto ametukataza.» Maneno matatu. Au kusema tu, «Mwacheni mukono.» Nilitazama ile midomo iliyopasuka, nikaona haya. Nikafikiri pia, na hili sitalificha: labda. Labda yanafika. Nilikuwa nimechoka kutegemea unyoya wa kuku. Nikafungua tanki.

Yalikuwa matone saba. Mashine ilitoa moshi muzito kidogo, wenye harufu, bamama bakaimba, bakalia, bakatubariki, bakaenda kula. Kabla jua halijazama moshi ukawa mwembamba. Asubuhi ulikuwa umekwisha.

Bibi yangu alipopata mikono yake hakunigombeza. Hilo ndilo lilinitisha. Aliniomba ndimu. Tukakamulia, hakuna kitu. Nikaosha na sabuni, ikatoa povu, povu likaingia fasi ambayo halikutakiwa kuingia. Nikaipeleka kwa fundi wa matelefone sokoni Baraka. Aliifungua, akainusa.

«Muzee, umekaanga mandazi humu?»

Batu bakacheka. Nikacheka nao, juu sikujua uso mwingine wa kuweka. Kile kifungo, akasema, kimekufa, na kingine kama hicho hatakipata, hata Uvira hakuna. Nikaenda mwenyewe Uvira. Hakukuwa.

Tukarudi kwenye hewa yetu wenyewe. Nililowesha vitenge nikavitundika kuzunguka kitanda, nikaweka beseni za maji moto, nikamwaga maji sakafuni. Vitenge vilikauka haraka kuliko vile nilivyoweza kuvilowesha. Muganga alitufundisha kudondosha maji ya chumvi kwenye mupira, tulidondosha. Mutoto alipopiga telefone siku ya Mungu, ile Jumapili, aliuliza, «Mashine inaendelea?» Mi ndiye niliyeshika telefone. Nikamwambia inaendelea. Nilijua angetuma ingine, na nilijua itachukua miezi, na nilijua ataniuliza ilikufa na nini. Hayo matatu nilikuwa nayajua, nikachagua uongo.

Siku ya kumi na moja bila mashine, saa nane za muchana, malori yalikuwa yamefuatana barabarani. Nilikuwa inje nakamua kitenge. Niliporudi ndani alikuwa amekaa, macho makubwa, anajipiga kifua. Nilivuta mupira wa ndani, ule unaotolewa kwa kuoshwa, vile balinifundisha, ulitoka na kipande kigumu, cha rangi ya kahawa, lakini chini yake kulikuwa na kingine. Jirani wa samaki alikimbia na pikipiki kumuita muganga. Muganga alikuja haraka, na alikuta pumzi imekwisha, mi namupangusa uso.

Yule muganga ni mutu mwema. Alisema ugonjwa wenyewe ulikuwa unapanda tena, ndani, kwamba miezi yake ilikuwa imebaki michache. Labda ni kweli. Miezi michache ni miezi. Asubuhi ngapi hizo, za kukaa kivulini na ndimu?

Bamama ba maombi ndio balipika matanga yote. Balibeba kuni kichwani, balimuosha bibi yangu, balimwimbia mupaka sauti zikakauka. Mama mukubwa alinishika mabega akaniambia, «Baba, angalau tulimusindikiza na mafuta.» Sina kisasi naye. Yeye aliuliza. Aliyejibu ni mi.

Mutoto hakuweza kuja, karatasi zake za kule hazikuwa zimepatikana. Kwa miezi alinishukuru. «Angalau alipumua vizuri mupaka mwisho, baba.» Kila siku ya Mungu shukrani ile ilikuwa inanipiga, mupaka siku moja, tulipomaliza kuondoa matanga, nikamwambia. Nikamwambia bamama, matone, fundi, vitenge, uongo wangu. Hakunikatiza.

Halafu akauliza kitu kimoja tu.

«Na mama, siku ile banaweka mafuta, alisema nini?»

Nikamwambia, «Hakusema kitu.»

«Basi alikubali,» akasema, na nikasikia analia, lakini ni kulia kwa mutu aliyepata fasi ya kukaa. «Kama mama alikubali, baba, usijiue na mawazo.»

Ningeweza kumueleza kile kichwa kilichotikiswa mara mbili. Nikamwambia, «Ndiyo, mwanangu. Lala salama,» na kule kwao ilikuwa bado muchana.