Pampu Iliyokohoa Uani kwa Shaabani

Mwandishi wa habari hizi alianza kwa kukosea, na ni haki kosa hilo litangulie. Mwaka 1966, akiwa ametoka chuo kikuu na daftari jipya mkononi, alifika Karatu kuandika juu ya mafundi wa mitambo midogo. Katika ukurasa uliomhusu Piusi Hhando wa kijiji cha Daa aliandika sentensi ambayo hadi leo humkera kama mchanga jichoni: "Fundi huyu aliiacha pampu ikinyonya hewa kwa majuma matatu, yaelekea hakujua chanzo." Piusi alikijua chanzo tangu siku ya pili. Mwandishi hakumwuliza. Alidhani mtu asiyeeleza ni mtu asiyejua, na huenda katika kuyasimulia haya bado anakosea mahali pengine.

Pampu yenyewe ilikuwa ya mlowezi mmoja wa Oldeani aliyeitumia kunyunyizia mibuni dawa. Alipofunga mizigo kurudi kwao baada ya Uhuru, Shaabani Zaidi, mfanyabiashara Mrangi wa pale mjini, aliinunua, akaifunga kwenye jukwaa la mbao uani kwake, hatua kumi kutoka kijitoni. Ilikuwa na injini ndogo ya petroli, pistoni mbili, mpira mnene wa kunyonya maji upande mmoja na mpira mrefu wenye mdomo wa shaba upande wa pili. Maji yaliyoruka kutoka mdomo ule yaliweza kubandua tope la masika nzima chini ya lori. Malori ya ngano yaliogea pale, na magari ya wageni yaliyopanda kutoka bonde la Ngorongoro yakiwa meupe kwa vumbi la magadi.

Piusi aliitunza kama mtu atunzavyo ng'ombe wa maziwa. Kila jioni aliikamua maji yote, akatoa chujio na kulisugua, kisha akazidondoshea oili washa za ngozi zilizozunguka pistoni. Ngozi ikikauka husinyaa, alisema, na washa iliyosinyaa haishiki maji. Kila Jumamosi alifungua valvu, akaziosha mchanga. "Pampu haifi kwa kazi," alimwambia mwandishi. "Hufa kwa kulazwa kavu."

Mwezi Mei mwaka 1963 mwanawe Antonia, mtoto wa miaka miwili na wa pekee, alikufa kwa kifaduro.

Nyumba ya Kiiraqw iliyofiwa hivyo huingia katika hali waiitayo metimani. Hutengwa. Majirani hawaji kula wala kulisha, mifugo haichanganywi, na wenye msiba hawakanyagi maji ya wote, wasije wakawaudhi neetlangw, pepo wakaao katika chemchemi na vijito. Padri aliyewabatiza Piusi na mkewe Marsela aliwaambia kwamba huo ni ushirikina. Walimwitikia kwa heshima, wakatengwa vilevile, kwa kuwa padri haishi jirani na mtu.

Piusi alikaa ndani majuma mawili, akamtumia Shaabani salamu kwamba ana malaria. Kisha hofu ikamwingia. Kazi ya pampu ilitamaniwa na wengi, na miezi ya metimani ilikuwa bado mingi. Akaamua kurudi mjini bila kumwambia mtu kwamba amefiwa. Wateja wengi wa Shaabani walikuwa Wairaqw wenzake. Wangejua, lori hata moja lisingeingia uani.

Lakini kuficha ni jambo moja, na kuyatia maji ya watu unajisi ni jingine. Siku ya kwanza aliutoa mpira wa kunyonya kijitoni. Aliviringisha pipa la chuma mpaka jukwaani, akaukunja mpira juu ya ukingo wake, ncha ikazama ndani. Alichimba na shimo la kupokea maji machafu yasirudi kijitoni. Kazi ya kulijaza pipa akampa Msafiri, mwosha magari mwenzake, kijana wa Kondoa mwenye mdomo usiolala.

"Baba Antonia," Msafiri alilalamika akitua ndoo, "mto ule pale unatutazama. Kwani mimi ni punda wako?"

"Mto una mchanga. Mchanga hula valvu."

"Na pipa hula mgongo! Valvu zina mtu wa kuzionea huruma, mgongo wangu hauna."

Piusi alicheka kidogo, ili aonekane amecheka. Kila alipoitwa Baba Antonia alikuwa akigeuka upesi, kana kwamba kuna mtu nyuma yake.

Mwishoni mwa Juni, asubuhi ya ukungu mzito ulioshuka kutoka msituni hata paa la duka lisionekane, pampu ilikohoa. Maji yaliyokuwa yakitoka mfululizo yalikatika, yakaruka, yakakatika: mara moja, mara mbili, mara saba bila kupumua. Kisha ukaja mvuto mrefu wenye mluzi, kama wa kifua kidogo kinachotafuta hewa mahali isipokuwapo. Kimya. Halafu ikaanza tena.

Msafiri aliangua kicheko. "Pampu imepata mafua! Mpeleke mwanao zahanati, Baba Antonia, apigwe sindano."

Mdomo wa shaba ulikuwa bado mkononi mwa Piusi, ukitapika na kunyamaza, na maji yalikuwa yakimwingia viatuni.

Jioni alimkuta Marsela akipukuchua mahindi. Tangu msiba walizungumza kwa uchache, kama watu wanaobeba chungu kimoja na kila mmoja anachelea kukiachia.

"Pampu imeharibika," alisema. "Inakohoa."

"Inakohoaje?"

Piusi akaiigiza kwa kinywa chake. Hakuwa ameimaliza, mahindi yalimwagika sakafuni.

"Sauti hiyo umeisikia wapi?"

"Kwenye pampu, nimekwambia."

"Rudia."

Alirudia. Marsela alitikisa kichwa polepole. "Mwisho wake ni mrefu kuliko hivyo."

"Hata kwenye pampu ni mrefu. Ni pumzi yangu haitoshi."

Marsela aliinama, akaanza kuokota punje moja moja.

Siku ya pili Piusi aliifuata njia ya maji kama alivyojifunza, kutoka mwisho hadi mwanzo. Alifungua mdomo wa shaba: ulikuwa wazi. Alifungua valvu: hazikuwa na mchanga. Washa za ngozi zilikuwa laini, na chujio lilikuwa safi. Uliobaki ulikuwa mpira wa kunyonya. Alikoroga sabuni ikawa povu zito, akaupaka mpira wote huku injini ikiunguruma. Palipo pazima povu hukaa. Palipo na ufa humezwa. Pale mpira ulipokunjwa juu ya ukingo wa pipa, povu lilizama ghafla, na pampu ikakohoa. Alipaka tena. Likazama tena. Ufa ulikuwa mdogo kama ukucha wa mtoto.

Alielewa mambo mawili kwa pamoja. Ufa ulitokana na mkunjo, mkunjo ulitokana na pipa, na pipa alilileta yeye ili asiwaudhi wenye maji. Kama angeinamisha shingo mbele ya desturi au kama angeivunja moja kwa moja, mpira usingepasuka. Alikuwa ameshika njia ya katikati, na hapo katikati ndipo palipotokea sauti ile. Akili yake ya ufundi ilimwambia ni hewa. Upande wake mwingine haukubishana; uliuliza tu ni hewa iliyotoka wapi.

Kiraka cha tyubu ya baiskeli na waya kingetosha. Ilikuwa kazi ya nusu saa. Piusi alifuta povu, akaweka spana chini.

Alipomweleza Marsela, mkewe alimshika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Mei. "Usiuguse," alisema.

Basi majuma matatu yakapita. Piusi alifika uani kabla ya wote, akaiwasha pampu pasipo gari, akakaa juu ya debe kuisikiliza. Alizifahamu zamu zake: vile vikohozi saba, mvuto, kimya kilichomfanya naye azuie pumzi. Nyakati nyingine kimya kilirefuka, akajikuta ameinuka na mikono imeenda mbele, kama ya mtu anayetaka kumweka mtoto begani. Alijua pia kwamba anaiua pampu. Hewa inayoingia na maji hugonga valvu kama nyundo, na washa za ngozi huungua. Kila jioni alizikuta zimezidi kuwa nyeusi ukingoni, akazipaka oili na kuziomba radhi kimoyomoyo.

Shaabani hakuwa mtu wa kelele. Jumatano moja alisimama kando ya jukwaa, kofia yake ya kiua imelowa ukungu, akasikiliza muda mrefu.

"Piusi bwana. Nimekulaza njaa?"

"Hapana, mzee."

"Nimekutukania wazazi?"

"Hapana, mzee."

"Basi mbona wanilipa kikohozi? Jumamosi yanakuja magari sita ya wageni. Yakikuta pampu inafanya hivi, fundi Inosenti amekwisha kubali kutoka Arusha kuja kuitazama. Na akija kuitazama, atabaki nayo. Sitaki mafundi wawili wa pampu moja."

"Nimesikia, mzee."

"Umesikia. Lakini huo uso wako, fundi, hauko hapa." Alisubiri kidogo, kana kwamba anampa nafasi ya kusema jambo. Piusi alitazama chini. Shaabani akaenda zake dukani.

Inosenti angeupata ufa kwa saa moja. Hilo ndilo Piusi alilomweleza Marsela usiku ule kabla ya kula, akiwa hajavua koti. Akiuziba yeye mwenyewe, sauti itakoma. Asipouziba, Inosenti atauziba, na pampu itakwenda na yeye. Sauti itakoma, na kazi pia.

Marsela alisema, "Kama ni lazima anyamazishwe, na anyamazishwe na baba yake. Si na mgeni wa Arusha." Kisha akaongeza, "Lakini kwanza nitakuja."

"Metimani haijaisha. Watu watakuona njiani."

"Wanione."

Alikuja Ijumaa mchana, wakati Shaabani na Msafiri wamekwenda msikitini na uani hapana mtu. Alikuwa ameizunguka njia ya juu ili asivuke kijito, na sketi yake ya kaniki ilikuwa imejaa miiba. Hakuingia. Alisimama nje ya ua wa minyaa, akamwashiria kwa kidevu.

Piusi alivuta kamba ya injini. Maji yalitoka, yakakatika. Kikohozi cha kwanza. Cha pili. Marsela alikishika kitawi cha minyaa, utomvu mweupe ukamtiririkia vidoleni, naye asiuone. Ulipokuja mvuto wenye mluzi, Piusi aligeuka kumtazama mkewe. Alimtazama kwa namna ya mtu aliyeuliza swali. Marsela aliinamisha kichwa mara moja.

Waliisikiliza mara tano. Baada ya mara ya tano Piusi alizima injini kwa mkono wake mwenyewe. Aliutoa mpira pipani, akaukausha kwa shati lake, akaukwaruza ufa kwa kisu ili kiraka kishike. Alikata tyubu kipande cha upana wa viganja viwili, akakiviringisha mara tatu, akakaza waya kwa koleo mpaka ukazama. Chini ya mkunjo aliweka gogo la mti lililochongwa duara, mpira usije ukapasuka tena. Kisha akaiwasha. Maji yalitoka yamenyooka kama fimbo, hayakuyumba, hayakukohoa. Alipotazama nje ya ua, Marsela alikuwa amekwisha ondoka.

Jumamosi magari sita yaliogeshwa kabla ya adhuhuri. Shaabani alipita, akasikiliza, akampiga Piusi begani. "Hivyo ndivyo. Imepona."

"Imepona, mzee," Piusi alijibu. Msafiri, aliyekuwa akisugua bodi la gari, aligeuka kutaka kufanya mzaha, akauona uso wa mwenzake, akaurudisha mzaha wake kinywani. Wiki iliyofuata Piusi alimweleza Shaabani habari ya msiba. Mzee alishika kichwa, akasema tu, "Na sisi tukakuita Baba Antonia kila siku ya Mungu," akamtuma nyumbani amalize metimani kama inavyopaswa, na pampu akaifunika turubai mpaka mwenyewe aliporudi.

Piusi alidumu na kazi ile miaka mingine kumi na minne. Mwandishi alirudi kwake mara kadhaa, na Piusi ndiye aliyemsimulia haya, isipokuwa machache aliyoyaongeza Marsela. Mwandishi aliyaandika akiamini kwamba ameelewa: baba aliisikia tena katika chuma sauti aliyoizoea katika siku za ugonjwa wa mwanawe, akashindwa kuachana nayo.

Miaka mingi baadaye, kwa shughuli nyingine kabisa, mwandishi alifika Ololosokwan, Umasaini karibu na mpaka wa Kenya, akalala kwa mzee Tobiko. Katika maongezi alilitaja jina la Piusi Hhando. Mzee alimkumbuka mara moja: fundi wa pampu wa Shaabani, aliyeletwa kunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe mwaka ule wa mvua kubwa, miezi kadhaa kabla ya Kenya kupata uhuru wake. Alikuja mwezi wa nne kwa kazi ya siku sita. Mito ikafurika, lori likashindwa kurudi, akakaa kwao hadi mwisho wa Mei, mzima, mwenye furaha, akiwaambia kila jioni kwamba ana binti wa miaka miwili ambaye hajaugua hata siku moja.

Alipofika nyumbani Daa, Antonia, aliyeuguzwa na Marsela peke yake, alikuwa na siku tisa kaburini. Piusi hakuwahi kumsikia mwanawe akikohoa.