Tumbo la Thérèse na Midomo ya Watu

Thérèse, mzaliwa wa Bukavu, fundi cherehani ugenini, mtaa wa Jeppestown, alikuwa na tumbo lenye kiburi kuliko mwenyewe. Asubuhi lilijaa gesi, mchana likasokota, na jioni likamkimbiza chooni mbele ya wapangaji wenzake wa nyumba ya Berea, ambao choo chao ni kimoja na siri hawana. Nusu mwaka mzima! Sketi zilimbana kiunoni huku mashavu yakibonyea.

Kwa watu wa Kivu, tumbo lisilopona lina jina: karuho, sumu ya polepole anayokutilia mtu wa karibu kwenye chakula. Na mtu wa karibu alikuwa Gaëlle, msusi, aliyechangia naye chumba na jiko kwa miaka minne.

"Kikulacho kiko mu nguo yako," Mama Shekinah, kiongozi wa akina mama wa kanisani, alimwambia. "Ule binti anakutilia. Aondoke, na weye tukutapishe."

Thérèse, masikini, aliamini. Akaacha kugusa chakula cha Gaëlle. Asubuhi akawa ananunua magwinya, yale maandazi ya mtaani yanayochuruzika mafuta, manne kwa chai yake ya maziwa ya siku zote. Jioni mkate na maharage ya kopo kutoka spaza, kiduka cha mtaani. Tumbo likazidi. Ati sumu imekolea, wakasema wamama. Gaëlle aliyasikia yote akiwa upande wake wa pazia lililogawa chumba. Akaacha kumsalimu.

Hasira ndiyo iliyomwamsha Thérèse. Alichoka kusimuliwa tumbo lake na watu wasiolibeba. Akaenda kliniki, akapimwa damu na kinyesi, lisionekane gonjwa lolote la kutisha. Nesi mmoja mwenye ulimi mkali akamwuliza anakula nini. Alipotaja, nesi akashika kichwa: eish, ngano, maziwa na maharage kila siku? Aache vyote wiki tatu, kisha arudishe kimoja kimoja, na aandike.

Akaandika kwenye daftari la vipimo, katikati ya viuno na mabega ya wateja. Bugali na samaki: tumbo kimya. Mchicha: kimya. Ndizi: kimya. Wiki ya nne akarudisha maharage: gesi kidogo, yavumilika. Wiki ya tano maziwa, kikombe kimoja, na saa mbili hazijaisha yuko chooni. Akapumzika siku nne, akajaribu tena, chooni tena. Magwinya, la pili hakulimaliza, akakimbilia chooni. Basi mchawi alikuwa amepatikana, na Thérèse mwenyewe ndiye aliyekuwa akimtafuta kila asubuhi kwa miguu yake. Aibu ikamchoma kuliko msokoto wowote.

Jumapili baada ya ibada wamama wakaja na chupa ya dawa ya kutapisha, na amri kwamba Gaëlle afungashe vitu vyake. Thérèse hakuwapa viti. Alimgeukia Gaëlle mbele yao.

"Gaëlle, dada yangu, nilikukosea. Nilikuzania mubaya, kumbe mimi njo nilikuwa mujinga. Unisamehe. Na niko na njaa. Unipe chakula."

Gaëlle akapakua bugali na samaki.

"Aonje yeye kwanza!" Mama Shekinah alifoka, maana ndiyo desturi ya kwao: mpishi hutangulia kula, aonyeshe kwamba mikono yake ni safi. Machozi yakimlenga, Gaëlle akanyoosha mkono amege.

Thérèse akaivuta sahani.

"Hapana. Hapa hakuna mutu wa kunionjea."

Akamega tonge kubwa, akachovya, akala, huku akimtazama Mama Shekinah machoni. Akamega la pili, na la tatu. Sahani ilipobaki tupu, akaisogeza kwa Gaëlle.

"Ongeza."