Sabuni ya Kipupwe

Yuliana hakuwa mtu wa maneno. Tangu utotoni kwao Kinole, mlimani, akiulizwa jambo mbele ya watu sauti ilimkauka. Hata alipoolewa na Severin wakahamia Morogoro mjini, hali ilikuwa ile ile. Uani pa nyumba waliyopanga chumba, mtaa wa Mwembesongo, alitengeneza sabuni za vipande na mishumaa, akavitia harufu ya mdalasini, karafuu na maganda makavu ya machungwa, vyote vikiteremshwa kutoka kwao.

Harufu ile aliihangaikia. Mwanzoni alitia mafuta ya karafuu wakati nta bado inachemka, yote yakapaa na mvuke, mshumaa ukatoka mzuri wa macho tu. Akajifunza kuepua sufuria na kungoja mpaka nta ianze kushika utando pembeni, ndipo atie. Kwenye sabuni, mdalasini ulimtesa zaidi. Ukizidi kidogo, uji wa sabuni unaganda kabla hujaumimina, na anayeiogea anawashwa mwili mzima. Mikono yake ilivimba ikapona, ikavimba tena, hadi akakipata kipimo.

Chumba cha pili cha nyumba ile alikaa mpangaji mwenzao, Mwajuma, mwanamke mcheshi, mwenye kujua kuongea na kila mtu. Yuliana alipojifungua mtoto wa mwisho kwa upasuaji, Mwajuma ndiye aliyemwogesha na kumpikia uji wa pilipili manga, na ndugu zake wenyewe wako mbali. Kwa hiyo siku Mwajuma aliposema, "Wewe pika, mimi niachie kuuza," Yuliana hakuona cha kufikiria. Alishukuru.

Siku moja walikuwa wanakata sabuni, mvua inanyesha, Mwajuma akamuuliza harufu hii aliitoa wapi. Yuliana akajikuta anasimulia mambo ambayo hata Severin hakuyajua yote. Kwamba kipupwe kikiingia Kinole, ukungu ulikuwa ukilala mlangoni hadi jua la saa nne, na mama yake alikuwa akitupia maganda ya mdalasini kwenye makaa ili watoto waamke nyumba inanukia. Kwamba mama hakumtaka Severin, wakakosana, na yeye kwa hasira akaacha kupanda mlima. Alipokuja kupata habari kuwa mama anaumwa, alifika siku moja baada ya mazishi. Aliingia jikoni peke yake, akaingiza vidole kwenye jivu la mafiga, akavinusa. Jivu lilikuwa bado linanukia.

Alilia siku hiyo kama aliyefiwa upya. Mwajuma akamkumbatia. "Haya yamefika kwangu, yataishia kwangu," alimwambia.

Ulipofika mwezi wa nane wakapata nafasi kwenye maonesho ya Nanenane. Baridi ilikuwa kali, na watu wakipita karibu na meza yao walipunguza mwendo wenyewe, wakivutwa na mshumaa uliokuwa unawaka. Kufika mchana sabuni zilikaribia kwisha. Yuliana akarudi nyumbani kuchukua boksi jingine.

Aliporudi alikuta watu wamejaa, na katikati yao mtangazaji wa redio amemshikia Mwajuma kipaza sauti. Akasogea na boksi lake kichwani.

"Kwetu mlimani, ukungu unalala mlangoni hadi jua la saa nne," Mwajuma alikuwa akisema. "Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa anatupia mdalasini kwenye makaa."

Yuliana alidhani amesikia vibaya. Halafu akadhani mwenzake ameteleza ulimi, sasa hivi atajirekebisha, atasema ni mama wa yule pale. Akangoja. Mwajuma akaendelea hadi kwenye ugomvi, hadi kwenye kaburi bichi, hadi kwenye vidole ndani ya jivu. Hapo akasita, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Mama mmoja mbele yake naye akatoa leso.

"Na dada huyu mwenye boksi?" mtangazaji aliuliza.

"Huyu ni jirani yangu. Ananisaidia kupika."

Yuliana aliweka boksi mezani na kupanga sabuni, kwa sababu mikono ilihitaji kitu cha kufanya.

Jioni, uani, alimuuliza swali moja tu. "Kwa nini?"

Mwajuma hakukana. "Shoga yangu, watu hawanunui sabuni. Wananunua kinachowagusa. Wewe ungeweza kusimama ukayasema yale?"

"Nisingeyasema."

"Basi. Yalikuwa yamekaa bure."

"Yalikuwa yangu, Mwajuma, hata yakikaa."

Mwajuma akaguna, akasema Yuliana atakuja kumwelewa siku wote wawili watakapojenga nyumba zao.

Lililomchoma Yuliana zaidi ni kwamba mama yake Mwajuma alikuwa hai. Bi Zuhura aliishi Ngerengere, na kila msimu wa mihogo aliwatumia wote wawili mihogo, kila mmoja fungu lake. Wiki iliyofuata Yuliana akapanda gari kwenda kumwona. Hakujua anakwenda kusema nini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekuja kwenye msiba wangu?"

Bi Zuhura akamvutia kigoda kando ya beseni la mihogo aliyokuwa akimenya. Alimweleza kwamba siku ya maonesho alikuwa anamenya mihogo hivi hivi, akasikia sauti ya binti yake redioni. Kwa furaha akaita majirani waje wamsikilize mwanawe. Wakaja, wakakaa kimya pamoja naye, wakasikiliza habari za kaburi lake. Hakuna aliyecheka. Wakaaga mmoja mmoja, bila kumtazama usoni.

"Nimejiuliza nimemkosea nini," alisema. "Nikaona labda sikumpa mama wa kusimuliwa. Mimi nilikuwa nauza vitumbua tu." Akamgeukia. "Yule wa kwenye jivu ni wako, siyo?"

"Ndiyo, mama."

"Aliitwa nani?"

"Hosiana." Mwajuma, kwa miaka yote, hakuwahi kuuliza.

"Mungu amlaze mahali pema Hosiana," Bi Zuhura alisema, akaendelea kumenya mihogo, na Yuliana akachukua kisu akamsaidia.

Ushirika ule ulivunjika. Mwajuma alihamia mtaa mwingine, akapata mpishi wa sabuni na wateja wa Dar es Salaam. Kwenye karatasi ya kila kipande ameandika maneno ya kumkumbuka marehemu mama. Sikukuu ya Idi alileta sahani ya pilau kwa Yuliana. Yuliana aliipokea, akashukuru, akawapa watoto. Yeye hakula.

Sabuni bado anatengeneza, za mchaichai, na zinakwenda vizuri. Mdalasini aliujaribu tena mara moja, kwenye mishumaa, kipupwe kilichofuata. Aliepua sufuria, akangoja utando, akatia mafuta. Harufu ilipopanda alifumba macho kumtafuta mama yake pale jikoni, akasikia sauti ya Mwajuma ikisimulia. Akaimwaga sufuria nzima nyuma ya choo, akaisugua kwa jivu na mchanga hadi ikaacha kunuka.